Jina na Namba: Taarifa za UKIMWI katika Jimbo la California, 1981–2006

Tarehe 5 Juni 1981 jarida la kila wiki la idara ya udhibiti wa maradhi ya serikali kuu ya Marekani, idara yenye makao yake Atlanta, lilitangaza habari za vijana watano wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu ya namna isiyowapata kwa kawaida watu waliokuwa wazima. Wawili katika hao watano walikuwa wamekwisha kufa. Taarifa ile fupi haikutaja jina la mtu: wagonjwa walitambulishwa kwa namba, kuanzia wa 1 hadi wa 5, na umri wao. Lakini majina yalikuwapo, katika madaftari ya hospitali na katika vichwa vya matabibu waliowauguza. Tangu siku ile hadi mwaka 2006 jimbo la California halikupumzika na swali moja: je, dola ikitaka kuwahesabu walioambukizwa, inastahili kupewa jina, au itosheke na namba?

Kwa wagonjwa wenyewe, yaani waliokwisha kudhoofika, swali hilo lilijibiwa mapema na bila ya kelele nyingi. Maradhi yalipoitwa UKIMWI mwaka 1982, na majimbo yakaanza kuwataka matabibu waarifu juu ya kila mgonjwa, California nayo ilitaka jina. Jambo hili halikuwa geni. Mji wa New York ulikuwa umewalazimisha matabibu kupeleka majina ya wenye kifua kikuu tangu mwaka 1897, kwa juhudi za Dakta Hermann Biggs. Na matabibu wa zama zile walinung'unika kwamba serikali inaingia kati ya mganga na mgonjwa wake. Baadaye kaswende ilifuata njia hiyo hiyo. Mgonjwa wa UKIMWI katika miaka ile ya kwanza aghalabu alifika hospitali akiwa na miezi michache ya kuishi, na hali yake ilikuwa haifichiki tena. Mwenye kukaribia kaburi hakuwa na mengi ya kupoteza kwa kuandikwa.

Mambo yaligeuka mwezi wa Machi 1985, serikali kuu ilipotoa idhini ya kutumiwa kwa kipimo cha kwanza cha damu. Kabla ya hapo palikuwa na wagonjwa tu. Baada ya hapo palipatikana kundi jipya la watu, wenye siha na kazi zao, wasiosikia maumivu yoyote, ambao damu yao ilionyesha kwamba virusi vimo ndani. Tabibu hakuwa na dawa ya kuwapa. Dawa ya kwanza, AZT, haikuidhinishwa mpaka mwaka 1987, nayo haikuwa na nguvu ya kutosha. Basi mtu aliyepimwa mwaka 1985 alipata habari, wala hakupata kitu kingine. Na habari hiyo ilipomtoka ikawafikia watu wengine, iliweza kumwondolea kazi, nyumba na bima. Wengi wa waliokuwa katika hatari walikuwa wanaume wanaopenda wanaume. Na ijapokuwa California ilifuta sheria yake dhidi yao mwaka 1975, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kutamka mwaka 1986 kwamba jimbo linaweza kuendelea kuwahesabu kuwa ni wahalifu. Majimbo 24 wakati huo yalikuwa yakifanya hivyo.

Colorado ilishika njia yake mwaka ule ule wa 1985: ikawa jimbo la kwanza kuagiza kwamba kila mtu atakayeonekana na virusi apelekewe idara ya afya jina lake. California ilishika njia ya pili. Sheria yake ya mwaka 1985 ilikataza mtu kupimwa bila ya ridhaa yake iliyoandikwa, ikakataza matokeo kutolewa kwa mwingine, na ikakataza yasitumiwe kuamua kama mtu anafaa kwa kazi au bima. Pamoja na hayo jimbo lilifungua vituo ambamo mtu aliweza kupimwa bure pasipo kutaja jina. Alipewa karatasi yenye namba, akarudi nayo baadaye kupokea jibu. Sababu ya vituo hivyo haikuwa huruma peke yake. Ilihofiwa kwamba watu wenye wasiwasi watakwenda kwenye benki za damu ili wapate kipimo huko, na kwa hivyo wataitia sumu damu waliyokusudia kuitumia kama hodi tu.

Hapa inafaa kutenga maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya Kiswahili huchanganywa. Kupima kwa siri ni kupima ambako jina lajulikana na limefichwa. Kupima bila jina ni kupima ambako hakuna cha kuficha, kwa kuwa jina halikutolewa. Siri hutegemea uaminifu wa anayeitunza. Kutokutaja jina hakumtegemei mtu yeyote. Ugomvi wote wa California ulisimama juu ya tofauti hiyo, na aliyeipuuza hakuelewa kwa nini watu wazima wenye elimu walikataa ahadi za serikali ambayo sheria zake za siri zilikuwa kali kupita za majimbo mengi.

Je, hofu yao ilikuwa na msingi? Wako waliosema, na wako wanaosema hata leo, kwamba ilikuwa ni hofu ya kubuni. Ushahidi wa masanduku ya kura hausemi hivyo. Katiba ya California inaruhusu raia kukusanya saini na kupeleka mswada wao moja kwa moja mbele ya wapiga kura, bila ya kupitia kwa wabunge. Mwezi wa Novemba 1986 wafuasi wa mwanasiasa Lyndon LaRouche walileta Pendekezo la 64, lililotaka UKIMWI na hali ya kubeba virusi vyake viingizwe katika orodha ya maradhi ya kuambukiza, na wenye navyo wawe chini ya kanuni za karantini. Watu 71 katika kila 100 walilikataa. Mwezi wa Juni 1988 likarudishwa kwa jina la Pendekezo la 69, likakataliwa tena. Mwezi wa Novemba mwaka huo yalikuja mawili kwa mpigo. La 102, lililoungwa mkono na mbunge William Dannemeyer na mwanaharakati wa kodi Paul Gann, lilitaka kila tabibu apeleke majina ya walioambukizwa, na hata ya wale anaowadhania tu, na lilitaka kufuta upimaji wa bila jina. Hili lilianguka kwa kura za karibu theluthi mbili. Lakini la 96, lililoruhusu mahakama kuamuru upimaji wa washtakiwa wa makosa ya kujamii kwa nguvu na ya kuwashambulia askari, lilipita.

Gann mwenyewe alikuwa ameambukizwa kwa damu aliyotiwa hospitali mwaka 1982, akafa mwaka 1989. Hakuwa mtu wa chuki tupu; alikuwa mgonjwa aliyeona kwamba kama majina yangalijulikana mapema, huenda yeye angalinusurika. Hoja yake ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, ingawa kipimo hakikuwapo mwaka 1982, na hakuna orodha ambayo ingaliweza kuandikwa.

Yafaa kukumbuka pia ni jimbo gani linalozungumzwa. Huko Manzanar, mashariki ya California, bado yanaonekana mabaki ya kambi waliyofungiwa raia wenye asili ya Kijapani kuanzia mwaka 1942, kwa msaada wa takwimu zilizokusanywa na idara ya sensa kwa kusudi lingine kabisa. Mzee wa miaka 60 aliyepiga kura mwaka 1986 aliishuhudia orodha ikigeuka kuwa seng'enge. Na miezi minane kabla ya kura ile, mwandishi mashuhuri William F. Buckley alikuwa amependekeza katika gazeti la New York Times kwamba walioambukizwa wachanjwe alama mwilini.

Mahali pengine upimaji wa nguvu ulijaribiwa, nao ukajihukumu wenyewe. Illinois iliagiza kwamba kuanzia Januari 1988 kila mchumba apimwe kabla ya kupewa hati ya ndoa. Katika miezi sita ya kwanza walipimwa watu 70,846, wakaonekana wenye virusi 8. Wachumba wengi walivuka mpaka wakaoa katika majimbo ya jirani, na sheria ikafutwa mwaka 1989. Waliotafutwa hawakuwa katika foleni ile.

Basi California iliendelea na hesabu ya namna ya pekee: wenye UKIMWI wana majina, wenye virusi tu hawana hata hesabu. Kwa miaka kumi hivi utaratibu huo ulivumilika, kwa kuwa aliyeambukizwa leo alikuja kuonekana katika daftari la UKIMWI baada ya miaka, na wataalamu waliweza kukadiria wingi wa maambukizo kwa kurudi nyuma. Mwaka 1993 serikali kuu ilipanua maana ya UKIMWI, na hesabu ikaruka kwa ghafula pasipo ugonjwa wenyewe kuruka. Lakini pigo kubwa lilikuwa la mwaka 1996, nalo lilikuwa pigo la heri: dawa mpya zilizotumiwa kwa pamoja ziliwainua watu vitandani. Walioambukizwa wakawa hawafiki kwenye UKIMWI. Daftari la zamani likawa linahesabu walioshindwa kutibiwa, wala halikuweza tena kusema maradhi yanakwenda wapi.

Mwaka 1999 idara ya Atlanta iliyahimiza majimbo yote kuwahesabu pia wenye virusi. California ilikubali kuhesabu, haikukubali jina. Kuanzia tarehe 1 Julai 2002 kila aliyeonekana na virusi aliarifiwa kwa namba iliyotungwa kutokana na sauti ya jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii. Kugeuza jina kuwa sauti ni hila ya zamani ya makarani wa Marekani: herufi ya kwanza hubaki, na konsonanti zinazofuata hupewa tarakimu, hata Smith na Smyth wote huwa S530. Watu wote wa ukoo wa Nguyen, ambao ni wengi mno katika California, huwa N250. Hapo tarakimu nne za mwisho ndizo zilizotegemewa kutenga mtu na mtu. Na California ina wahamiaji wengi wasio na namba hiyo kabisa. Maabara ilituma nusu ya alama, tabibu akajaza iliyobaki, na alipaswa kuweka daftari la kuonyesha alama fulani ni ya nani. Kwa hiyo jina halikutoweka. Lilihamishwa tu kutoka ofisi moja ya serikali, yenye kufuli na sheria, likatawanywa katika kabati za maelfu ya matabibu.

Watetezi wa namba walikuwa na mfano wa kutisha mkononi. Mwaka 1996, katika jimbo la Florida, orodha ya wagonjwa wapatao 4,000 ilitoka katika idara ya afya ikafika kwenye magazeti mawili. Magazeti hayakuyachapa majina. Lakini siri ya 4,000 iliokolewa na hiari ya wahariri, wala si na sheria.

Kilichoimaliza namba ni fedha. Sheria ya mwaka 1990 ya kuwasaidia wagonjwa imepewa jina la Ryan White, kijana wa Indiana aliyekufa mwaka huo akiwa na miaka 18, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa sababu shule ilimkatalia kuingia. Chini ya sheria hiyo fedha ziligawiwa kwa hesabu ya wagonjwa wa UKIMWI, na serikali kuu ilikuwa imekusudia kuwaingiza katika hesabu wenye virusi pia. Hesabu za alama idara ya Atlanta ilikataa kuzipokea, kwa kuwa haikuweza kuhakikisha kwamba mtu mmoja hakuhesabiwa mara mbili katika majimbo mawili. California ilikabiliwa na hatari ya kupoteza dawa za watu wake kwa ajili ya kulinda majina yao. Mwezi wa Aprili 2006 Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini mswada wa Seneta Nell Soto, na jina likaanza kudaiwa mara moja. Kufikia Aprili 2008 majimbo yote 50 yalikuwa yamefuata.

Wako wanaoisimulia habari hii kuwa ni ushindi wa elimu juu ya woga. Masimulizi hayo hayawatendei haki watu wa mwaka 1985. Dola iliyodai majina wakati ule haikuwa na dawa mkononi, na mbele yake palikuwa na karatasi za kura zilizotaja karantini. Dola iliyodai majina mwaka 2006 ilikuwa na vidonge, na mwenye jina lililosahauliwa katika hesabu ndiye aliyekuwa katika hatari ya kuvikosa. Jina lilikuwa ni lile lile; ila mwaka 2006 lilikuja na malipo kwa mwenyewe. Hata hivyo deni la zamani halikulipwa lote. Sheria ya California iliyomfanya mwenye virusi kuwa mtenda kosa kubwa la jinai kwa kumweka mwenziwe katika hatari kwa makusudi haikupunguzwa mpaka mwaka 2017, na kwa muda wote huo daftari la afya na mahakama ya jinai vilikaa chini ya paa moja.

Kazi ya kubadili haikuwa nyepesi. Alama haikuweza kufumbuliwa kuwa jina, kwa sababu ndivyo ilivyotungwa. Makumi ya maelfu ya watu waliokwisha kuhesabiwa tangu mwaka 2002 ilibidi waandikwe upya, na hesabu ya jimbo ya wenye virusi ikaanza tena kutoka sifuri. Vituo vya kupimwa bila jina vilibaki. Mswada wa mwaka 2006 haukuvigusa, na mtu aliyeingia humo aliendelea kupewa karatasi yake yenye namba.