Mtoto Asiyeuona Ubao

Katika lugha yetu yapo maneno ambayo hayakuzaliwa kuwa matusi, bali yalifanywa matusi na vinywa vilivyoyatumia. Neno zeruzeru ni mojawapo. Nilipokuwa kijana wazee walilitamka bila chuki, lakini papo hapo waliongeza kwamba zeruzeru hafi, hutoweka. Ukiuliza kaburi lake liko wapi, hakuna aliyejua, na huko kutojua ndiko kulikofanywa ushahidi. Ukweli ulikuwa wa kusikitisha zaidi kuliko hadithi. Wengi wao walikufa mapema kwa saratani ya ngozi, kwa kuwa jua letu halina huruma na hawakuwa na kinga, na jamaa zao walioona haya kuwaonyesha walipokuwa hai wakawazika kimyakimya. Kijiji kikaona kutoweka mahali palipokuwa na mazishi ya aibu.

Leo twasema mtu mwenye ualbino. Yako mambo machache ambayo kila mtu mzima angepaswa kuyajua. Ualbino ni upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho. Mtoto huupata pale baba na mama wote wawili wanapobeba chembe hiyo ya urithi, hata kama wao wenyewe ni weusi tititi, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Kwa Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 huzaliwa hivyo. Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa tuhuma kwamba amezaa na mzungu, nusu ya jambo hilo ameileta yeye nyumbani.

Ngozi ndiyo inayoonekana, ndiyo maana ngozi ndiyo iliyosemwa. Kwa mwalimu, hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni macho. Rangi ileile inayokosekana kwenye ngozi inahitajika wakati jicho linapojengeka tumboni mwa mama. Ikikosekana, sehemu ya nyuma ya jicho ituwezeshayo kuona vitu vidogo haikomai sawasawa, macho huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali huyaumiza. Miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Mtoto wa namna hii humwona mama yake, huiona njia, huuona mpira ukija. Asichokiona ni maandishi ya chaki juu ya ubao uliochakaa, naye ameketi dawati la nne, dirisha limeachama mbele yake.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa Tanzania wawe shuleni ifikapo 1977. Lilikuwa jambo jema, nami nalitetea hadi leo mbele ya wale wanaolicheka. Madarasa yalifurika na walimu wengi walifunzwa harakaharaka vijijini. Watoto waliokuwa wakifichwa nyumbani walianza kuonekana, na miongoni mwao watoto wenye ualbino. Katika shule moja niliyofundisha wakati huo alikuwapo mvulana wa namna hiyo, ambaye mwalimu wake wa darasa la tatu aliandika katika ripoti yake kwamba ni mzito wa kuelewa. Mama mmoja mtu mzima, aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, aliona jambo ambalo mwenzake hakuliona: mvulana yule hujibu kila swali la kuulizwa kwa mdomo, na hukosa kila swali la kuandikwa ubaoni. Akaomba ahamishiwe dawati la mbele, upande wenye kivuli, na apewe ruhusa ya kusimama na kuusogelea ubao bila kuomba. Muhula ulipokwisha mvulana alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza. Sikupata kusikia kwamba mama yule aliwahi kuhudhuria semina yoyote juu ya kuthamini tofauti.

Wengine walipelekwa shule za wasioona. Huko walifundishwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa ncha za vidole, na walimu walishangaa kuwakuta wanazisoma zile nundu kwa macho.

Mambo haya hayakuanza kubadilika kwa huruma ya watu wengine. Mwaka 1978 watu wenye ualbino nchini waliunda chama chao wenyewe. Ningependa msomaji autazame mwaka huo vizuri. Ni miaka mingi kabla ya wafadhili kutoka ng'ambo, kabla ya kamera za televisheni, kabla ya mauaji kutangazwa duniani. Watu walioambiwa kwamba hawafi bali hutoweka walikaa, wakaandika katiba, wakachagua viongozi na kudai mafuta ya kukinga jua, kofia na haki ya kusoma. Mwaka 1992 kilipofunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, waganga wake walianza kuwafuata vijijini kupima ngozi zao. Ukiniuliza kujikubali ni nini, nitakuonyesha mambo hayo kabla ya wimbo wowote.

Kisha ikaja miaka mibaya. Kuanzia mwaka 2007 hivi, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa migodini au katika uvuvi. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, aliwaendea waganga kwa kujificha na kutangaza biashara hiyo. Mitaani likazuka neno jingine baya kuliko zeruzeru: dili. Watoto waliitwa hivyo wakienda kuchota maji. Mwezi Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Katika kipindi hichohicho Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, 2008; Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini, 2010; na Dk. Abdallah Possi akawa naibu waziri, 2015. Sijui nchi nyingine ambayo historia yake imeweka aibu na heshima karibukaribu namna hii.

Watoto walikusanywa katika shule za bweni ili walindwe: Mitindo huko Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga, Kabanga huko Kasulu, na nyinginezo. Walilindwa, hilo lisemwe wazi. Lakini mabweni yalijaa kupita kiasi, na wapo waliokulia humo miaka mingi bila kulala nyumbani kwa mama zao. Ukuta unaomzuia mwuaji humzuia na mama. Nimewahi kubishana na wenzangu wastaafu juu ya jambo hili hadi chai ikapoa, na hakuna aliyeshinda.

Umoja wa Mataifa ulipitisha mwezi Desemba 2014 kwamba tarehe 13 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, nayo ikaanza kuadhimishwa 2015. Kwa siku hiyo, mwaka 2024, nilialikwa kuzungumza katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sina haja ya kukitaja. Kwenye ukumbi palitundikwa kitambaa kilichoandikwa kwamba tujikubali kwani sote ni sawa. Palikuwa na kwaya, ngoma, fulana za rangi moja, na mgeni rasmi aliyechelewa kama kawaida ya wageni rasmi. Wanachuo walipokezana kusema wanachokipenda katika maumbile yao: mmoja urefu wake, mwingine kigugumizi chake, mwingine meno yake yenye mwanya. Vijana walicheka kwa wema, nami sikuona ubaya wowote.

Lakini tulikuwa katika siku nzito. Tarehe 30 Mei mtoto wa kike wa miaka miwili, mwenye ualbino, alinyakuliwa nyumbani kwao mkoani Kagera, na hadi asubuhi ile alikuwa hajapatikana. Kila mtu ukumbini alijua. Hakuna aliyelitaja.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na kurasa saba mkononi. Kabla sijaanza, mwanachuo wa mwaka wa pili, binti mwenye ualbino, aliinua mkono. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Mimi nilijikubali nikiwa darasa la tatu, la sivyo nisingefika hapa. Lakini leo alfajiri mama amenipigia simu akaniambia nisivuke geti la chuo. Sasa siku hii ya kujikubali ni ya nani?"

Nikamjibu: "Marahaba, binti yangu. Siku hii si yako. Ni ya hawa waliokaa nyuma yako." Nikazikunja kurasa zangu na kumwomba, kama ataridhia, atupangie yeye mchana wetu. Aliridhia bila kutabasamu.

Baada ya chakula alitupeleka darasani. Akagawa mifuko ya nailoni yenye ukungu, kila mmoja aikunje mara mbili na kuishika mbele ya macho. Akageuza madawati yaelekee dirishani, akafungua mapazia yote, akaandika ubaoni hesabu kumi za darasa la nne kwa mwandiko wa kawaida wa mwalimu, na kutoa dakika kumi. Watu waliokuwa wakiimba asubuhi walianza kuchunguliana madaftari. Wengine waliinuka kuusogelea ubao, naye akawakemea, "Kaa chini wewe!" kwa sauti ambayo sote tuliitambua. Kicheko kikavuma, kisha kikafa. Kijana mmoja akasema polepole kwamba alipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha alimsimamisha nje mtoto kwa kosa hilohilo la kuinukainuka. Binti hakumlaumu. Alimwuliza tu shule ile iko wapi, na kama mtoto yule bado yuko.

Kisha akawaeleza: mtoto akae mbele, dirisha liwe nyuma yake, mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika, herufi ziwe nene, kofia iruhusiwe hata kwenye mstari wa asubuhi, na mwalimu ajue kwamba Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, ila shule lazima ipeleke taarifa yao mapema. Jambo hilo la mwisho zaidi ya nusu ya wanachuo hawakulijua. Lile neno la kwenye kitambaa, kwamba sote ni sawa, akalisahihisha kwa mzaha: "Jua halijaambiwa."

Tarehe 17 Juni mwili wa yule mtoto wa Kagera ulipatikana. Kabla mwezi haujaisha watu tisa walifikishwa mahakamani mjini Bukoba kwa shtaka la mauaji, wengine wakiwa watu wa karibu naye. Chuoni mkuu aliagiza kwamba binti yule asitembee bila wenzake wawili. Alitii kwa miezi miwili, akiwa amekasirika wakati wote. Alikuwa na haki ya kukasirika, na mkuu alikuwa na haki ya kuagiza.

Sasa amehitimu, naye anajitolea katika shule ya msingi ya kijijini, akifundisha darasa la pili lenye watoto zaidi ya tisini. Mmoja wao ana ualbino. Baba wa mtoto huyo alikuja shuleni wiki ya kwanza, akasimama mlangoni muda mrefu akimtazama mwalimu akifundisha, akaondoka bila kusema neno. Kesho yake akaja na mkaa wa betri kuukuu alioutwanga mwenyewe, wa kuupaka ubao upya.