Kandanda nchini Kroatia msimu wa 2017–18

Msimu wa 2017–18 wa kandanda nchini Kroatia ulianza katika majira ya joto ya mwaka 2017 na kumalizika tarehe 15 Julai 2018, siku ambayo timu ya taifa ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow, Urusi. Katika ngazi ya vilabu, Dinamo Zagreb ilirudisha ubingwa wa ligi ulioponyoka mwaka uliotangulia na kutwaa pia Kombe la Kroatia. Katika ngazi ya kimataifa, timu ya taifa ilinusurika kukosa kufuzu Kombe la Dunia, ikabadilisha kocha siku mbili kabla ya mechi ya mwisho ya kundi, kisha ikamaliza ya pili duniani.

Msimu huu hukumbukwa pia kwa kesi ya jinai iliyowahusu viongozi wa zamani wa Dinamo, ambayo iliwagawa mashabiki na kumgusa hata nahodha wa timu ya taifa, Luka Modrić.

Usuli

Ligi kuu ya Kroatia, inayojulikana kwa kifupi kama HNL, ilianza mwaka 1992 baada ya nchi kujitenga na Yugoslavia. Dinamo Zagreb, klabu ya mji mkuu, ndiyo iliyotawala ligi hiyo. Ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo kuanzia mwaka 2006 hadi 2016. Mlolongo huo ulikatwa mwaka 2017 na Rijeka, klabu ya mji wa bandari wenye jina hilohilo. Chini ya kocha Matjaž Kek kutoka Slovenia, Rijeka ilitwaa ubingwa wake wa kwanza na kuifunga Dinamo katika fainali ya kombe mwaka huohuo.

Kwa hiyo swali kubwa mwanzoni mwa msimu wa 2017–18 lilikuwa kama ushindi wa Rijeka ulikuwa mwanzo wa zama mpya au tukio la mara moja tu.

Ligi Kuu

Ligi ilikuwa na timu 10: Dinamo Zagreb, Rijeka, Hajduk Split, Osijek, Lokomotiva Zagreb, Slaven Belupo, Inter Zaprešić, Istra 1961, Cibalia na Rudeš, ambayo ilikuwa imepanda daraja. Kila timu ilikutana na nyingine mara nne, mbili nyumbani na mbili ugenini, hivyo kila moja ilicheza mechi 36.

Dinamo ilimaliza ya kwanza na kupata ubingwa wake wa 19 wa ligi. Rijeka ilikuwa ya pili, Hajduk ya tatu na Osijek ya nne. Mfungaji bora alikuwa Hillal Soudani wa Dinamo, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Algeria, aliyefunga mabao 17.

Hata hivyo ubingwa huo haukupatikana katika hali ya utulivu. Dinamo ilianza msimu na kocha Mario Cvitanović, ikampa Nikola Jurčević kazi hiyo mwezi Machi 2018, na mwezi Mei, msimu ukielekea mwisho, ikamleta Nenad Bjelica.

Mkiani, Cibalia ya mji wa Vinkovci ilishuka daraja. Istra 1961 ya mji wa Pula ilishika nafasi ya tisa na kulazimika kucheza mechi za mchujo dhidi ya Varaždin ya daraja la pili. Ilishinda na kubaki. Gorica, bingwa wa daraja la pili, ilipanda kuchukua nafasi ya Cibalia.

Kombe la Kroatia

Fainali ilichezwa mwezi Mei 2018 katika uwanja wa Cibalia mjini Vinkovci, mashariki mwa nchi. Ilizikutanisha Dinamo na Hajduk, watani wa jadi ambao pambano lao huitwa nchini humo "dabi ya milele". Hajduk ni klabu ya Split, mji mkubwa wa pwani ya Dalmatia, na ushindani wake na Dinamo hubeba pia ushindani wa pwani na mji mkuu. Dinamo ilishinda 1–0. Lilikuwa kombe lake la 15, na kwa ushindi huo ikakamilisha mataji mawili ndani ya msimu mmoja.

Vilabu katika mashindano ya Ulaya

Vilabu vinne viliiwakilisha Kroatia barani Ulaya. Wakati huo kanuni ya bao la ugenini ilikuwa bado inatumika: jumla ya mabao ya mechi mbili ikilingana, timu iliyofunga mabao mengi ugenini husonga mbele. Kanuni hiyo iliisaidia Rijeka mara moja, kisha ikazitoa Dinamo na Osijek.

- Rijeka ilianza katika mechi za kufuzu Ligi ya Mabingwa. Iliitoa The New Saints ya Wales, kisha Red Bull Salzburg ya Austria kwa sare ya 1–1 ugenini na 0–0 nyumbani. Ilikwama katika hatua ya mwisho ya mchujo mbele ya Olympiacos ya Ugiriki, ikafungwa 2–1 na 1–0. Ilihamia Ligi ya Europa, kundi moja na AC Milan, AEK Athens na Austria Wien, na kumaliza ya tatu kwa pointi 7. Mechi yake ya mwisho ilikuwa ushindi wa 2–0 nyumbani dhidi ya Milan mwezi Desemba 2017.
- Dinamo Zagreb iliitoa Odd ya Norwei, lakini ikatolewa na Skënderbeu ya Albania bila kufungwa mechi hata moja. Sare ya 1–1 mjini Zagreb na 0–0 ugenini ziliinufaisha Skënderbeu kwa bao la ugenini.
- Hajduk Split ilizitoa Levski Sofia ya Bulgaria na Brøndby ya Denmark, kisha ikatolewa na Everton ya Uingereza kwa kufungwa 2–0 na kutoka sare ya 1–1.
- Osijek ilizitoa Santa Coloma ya Andorra na Luzern ya Uswisi, kisha ikashangaza wengi kwa kuifunga PSV Eindhoven ya Uholanzi 1–0 nyumbani na 1–0 ugenini. Ilitolewa na Austria Wien baada ya kufungwa 2–1 nyumbani na kushinda 1–0 ugenini.

Timu ya taifa: safari ya kufuzu

Kroatia ilikuwa Kundi I pamoja na Iceland, Ukraina, Uturuki, Ufini na Kosovo. Mshindi wa kundi alifuzu moja kwa moja; wa pili alitegemea mechi za mchujo.

Mwezi Septemba 2017 mechi dhidi ya Kosovo mjini Zagreb ilisimamishwa katika kipindi cha kwanza kwa sababu ya mvua kubwa, ikamaliziwa siku iliyofuata. Kroatia ilishinda 1–0 kwa bao la Domagoj Vida. Siku mbili baadaye ilifungwa 1–0 na Uturuki. Tarehe 6 Oktoba, mjini Rijeka, ilikuwa ikiongoza 1–0 dhidi ya Ufini hadi dakika ya 90, ndipo Ufini iliposawazisha.

Sare hiyo ilimgharimu kocha Ante Čačić kazi yake. Nafasi ilipewa Zlatko Dalić, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifundisha Al-Ain ya Falme za Kiarabu na kuifikisha fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia mwaka 2016. Alikuwa na siku mbili tu za kujiandaa kwa mechi ya ugenini dhidi ya Ukraina, timu iliyokuwa na pointi 17 sawa na Kroatia. Tarehe 9 Oktoba mjini Kiev, Andrej Kramarić alifunga mabao mawili na Kroatia ikashinda 2–0. Iceland iliongoza kundi kwa pointi 22. Kroatia ilikuwa ya pili kwa pointi 20.

Katika mchujo wa Novemba Kroatia iliifunga Ugiriki 4–1 mjini Zagreb kwa mabao ya Modrić (penalti), Nikola Kalinić, Ivan Perišić na Kramarić. Mechi ya marudiano mjini Piraeus iliisha 0–0, na Kroatia ikafuzu.

Kesi ya Osijek

Zdravko Mamić, mkurugenzi mtendaji wa zamani wa Dinamo, alishtakiwa pamoja na ndugu yake Zoran Mamić, aliyekuwa mchezaji, kocha na kiongozi wa klabu hiyohiyo, na washtakiwa wengine. Kesi ilisikilizwa katika mji wa Osijek. Mashtaka yalihusu fedha za uhamisho wa wachezaji, akiwemo Modrić, aliyeuzwa Tottenham mwaka 2008, na Dejan Lovren, aliyeuzwa Lyon mwaka 2010. Upande wa mashtaka ulidai kuwa sehemu ya fedha hizo iliondolewa kwenye klabu kwa njia ya mikataba ya kugawana na wachezaji. Washtakiwa walikana.

Modrić alitoa ushahidi mwezi Juni 2017. Mashabiki wengi walikasirika, wakiona kwamba maelezo yake yalimsaidia mshtakiwa. Mwezi Machi 2018 waendesha mashtaka walimshtaki nahodha huyo kwa kutoa ushahidi wa uongo. Hakuwahi kutiwa hatiani, na shtaka hilo lilifutwa baadaye.

Hukumu ilitolewa tarehe 6 Juni 2018, siku 10 kabla ya mechi ya kwanza ya Kroatia nchini Urusi. Zdravko Mamić alihukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu, naye Zoran pia akahukumiwa kifungo. Zdravko alikuwa tayari ameondoka kwenda Bosnia na Herzegovina. Mwaka 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Kroatia ilithibitisha hatia yao.

Hivyo timu iliondoka kwenda Urusi ikiongozwa na nahodha ambaye sehemu ya mashabiki wa nyumbani walikuwa wamemgeuka.

Kombe la Dunia 2018

Dalić aliteua wachezaji 23. Baada ya mechi ya kwanza alimrudisha nyumbani mshambuliaji Nikola Kalinić, aliyekataa kuingia kama mchezaji wa akiba, na kikosi kikabaki na watu 22.

Matokeo ya Kroatia yalikuwa kama ifuatavyo:

- 16 Juni, Kaliningrad: Kroatia 2–0 Nigeria
- 21 Juni, Nizhny Novgorod: Argentina 0–3 Kroatia
- 26 Juni, Rostov: Iceland 1–2 Kroatia
- 1 Julai, Nizhny Novgorod (16 bora): Kroatia 1–1 Denmark, penalti 3–2
- 7 Julai, Sochi (robo fainali): Urusi 2–2 Kroatia, penalti 3–4
- 11 Julai, Moscow (nusu fainali): Kroatia 2–1 Uingereza, baada ya muda wa nyongeza
- 15 Julai, Moscow (fainali): Ufaransa 4–2 Kroatia

Ushindi dhidi ya Argentina ya Lionel Messi, kwa mabao ya Ante Rebić, Modrić na Ivan Rakitić, ndio uliowafanya wengi waanze kuihesabu Kroatia kati ya timu za kuogopwa. Dhidi ya Denmark, Modrić alikosa penalti katika muda wa nyongeza, lakini akajitokeza tena kupiga katika mikwaju ya mwisho na kufunga. Kipa Danijel Subašić aliokoa mikwaju mitatu. Katika mechi hiyo na ile ya Urusi, mkwaju wa ushindi ulipigwa na Rakitić.

Katika nusu fainali Uingereza ilitangulia dakika ya 5. Perišić alisawazisha dakika ya 68, na Mario Mandžukić akafunga bao la ushindi dakika ya 109. Ilikuwa mechi ya tatu mfululizo ya Kroatia kufikia dakika 120.

Katika fainali Mandžukić alijifunga, Perišić akasawazisha, kisha Ufaransa ikapata penalti baada ya mwamuzi kutazama video ya mpira uliomgusa Perišić mkononi. Antoine Griezmann aliifunga. Paul Pogba na Kylian Mbappé waliongeza mabao kabla ya Mandžukić kufunga la pili la Kroatia.

Kroatia, yenye watu wapatao milioni 4, ilikuwa nchi yenye watu wachache zaidi kufika fainali tangu Uruguay ya mwaka 1950. Ilivuka pia nafasi ya tatu iliyopatikana mwaka 1998. Modrić alipewa Mpira wa Dhahabu wa mashindano kama mchezaji bora.

Ligi ya nyumbani na kikosi cha taifa

Kati ya wachezaji 23 walioteuliwa, wawili tu walikuwa wakicheza katika ligi ya Kroatia: kipa Dominik Livaković wa Dinamo na kiungo Filip Bradarić wa Rijeka. Katika 11 walioanza fainali hakukuwa na hata mmoja.

Hata hivyo wengi wao walikuwa wamepitia vilabu vya nyumbani. Sita kati ya walioanza fainali waliwahi kuwa Dinamo: Modrić, Mandžukić, Lovren, Vida, Šime Vrsaljko na Marcelo Brozović. Subašić alichezea Hajduk, na Perišić alianza katika timu za vijana za klabu hiyo. Vilabu vya Kroatia hulea wachezaji na kuwauza nje, na mapato ya uhamisho ni sehemu kubwa ya uhai wao. Biashara hiyohiyo ndiyo iliyofikishwa mahakamani Osijek.

Baada ya msimu

Tarehe 16 Julai 2018 mamia ya maelfu ya watu walijaza barabara za Zagreb kuipokea timu. Katika orodha ya FIFA Kroatia ilipanda kutoka nafasi ya 20 hadi ya 4. Desemba 2018 Modrić alipata tuzo ya Ballon d'Or, akiwa mchezaji wa kwanza kuitwaa nje ya Messi na Cristiano Ronaldo tangu mwaka 2007.

Uuzaji wa wachezaji uliendelea: majira hayohayo Bradarić alikwenda Cagliari ya Italia na Soudani akaenda Nottingham Forest ya Uingereza. Dinamo chini ya Bjelica ilitwaa tena ubingwa mwaka 2019, na ikafika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Europa.