Nani Huwekewa Nafasi? Safari na Foleni katika Reli ya Kipkelion

Reli ya Uganda ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, miaka mitano na ushei baada ya kuanzia Mombasa. Kipande kilichowatoa wajenzi jasho mwishoni ni ule mteremko wa kutoka Mau Summit, kupitia Londiani, hadi Fort Ternan. Huko mabonde yamefuatana bila kupumzika, na kuyavuka kulihitaji madaraja 27 ya chuma, ambayo kandarasi yake ilikwenda kwa American Bridge Company ya Marekani. Katikati ya mteremko huo ikajengwa stesheni iliyoitwa Lumbwa, ndiyo Kipkelion ya leo. Mji wa jirani wa Kericho haukupata reli. Kwa hiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba makubwa ya chai huko katikati ya miaka ya 1920, Lumbwa ikawa mlango wa mashamba hayo: kwa mizigo, kwa barua, na kwa watu.

Historia ya reli hii imeandikwa sana kwa upande wa wahandisi na magavana. Upande wa abiria aliyesimama akingoja umeandikwa kidogo mno, ilhali ndiko tunakoweza kuona ni nani aliyehesabiwa kuwa na haki ya kuwekewa nafasi, na ni nani aliyeachwa ajipiganie.

Treni ya usiku kati ya Nairobi na Kisumu ilikuwa na madaraja matatu. La kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, la pili vitanda vinne, na la tatu viti tu. Katika enzi ya ukoloni, nauli na desturi ziliwagawa watu hata pale sheria ilipokaa kimya: Wazungu la kwanza, Wahindi la pili, Waafrika la tatu. Uhuru ulipokuja rangi ikaacha kuwa kigezo, lakini muundo wenyewe ulibaki, chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka 1977, kisha chini ya Shirika la Reli la Kenya. Abiria wa daraja la kwanza na la pili alikata tiketi siku kadhaa kabla. Jioni ya safari alifika stesheni bila haraka, na kama nusu saa kabla ya treni kuondoka orodha ilibandikwa ikionyesha chumba chake na kitanda chake. Wa daraja la tatu hakuwa na orodha. Alikuwa na viwiko vyake, na pengine ndugu wa kumpitishia mizigo dirishani.

Hata chakula kiliwekewa nafasi. Katika treni ya Mombasa, maarufu kuliko zote, chakula cha jioni kiliandaliwa kwa zamu mbili, na mhudumu alipita ushorobani akigonga kengele yake kuwaita wa zamu iliyofika. Hakuna aliyesimama mlangoni pa behewa la chakula. Kila mtu alijua saa yake, akabaki chumbani akitazama nyika ikiingia giza.

Wazo hilohilo la kumpa mtu saa yake badala ya kumsimamisha lilisifiwa kama uvumbuzi mwaka 1999, viwanja vya burudani vya Disney huko Florida vilipoanzisha mfumo wa FastPass. Mgeni aliingiza tiketi yake kwenye mashine, akapewa karatasi yenye saa ya kurudi, akaenda kutembea kwingine. Miongoni mwa burudani zilizotumia mfumo huo ni Kilimanjaro Safaris, ambako watu hupandishwa malori kutazama wanyama, kando ya kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, chenye vibao vya Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 20 karatasi ile, na baadaye nafasi ya kwenye simu, ilitolewa bila malipo ya ziada. Oktoba 2021 ikaanza kuuzwa, dola 15 kwa siku. Madaraja yakarudi: anayelipa hupita, asiyelipa husimama muda mrefu zaidi, kwa kuwa viti ni vilevile na waliolipa hupandishwa kwanza.

Msafiri wa Kipkelion angelitambua jambo hilo upesi. Treni iliondoka Nairobi jioni na kufika Kisumu asubuhi, kwa hiyo ilipita hapa kabla ya kupambazuka, saa ambazo baridi ya nyanda hizi hupenya hadi mifupani. Wenye vitanda walikuwa wamelala. Aliyepandia njiani kwa tiketi ya daraja la tatu alikuta viti vimejaa tangu Nairobi au Nakuru. Tiketi yake ilimpa haki ya kusafiri, si haki ya kuketi. Mfumo wa kuweka nafasi ulipangwa kutoka mwanzo wa njia, na stesheni ndogo zikapata mabaki.

Haishangazi kwamba watu walihamia barabarani. Matatu haikujali daraja wala orodha, na kwa miaka mingi haikujali hata idadi. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ndizo zilizomhakikishia abiria kiti kimoja na mkanda wake, abiria 14 kwa gari dogo. Tangu hapo foleni ikageuka kwa namna ninayoipenda: stejini magari ndiyo hupanga laini, na abiria hungoja wakiwa wameketi. Udanganyifu nao haukukosekana. Vijana hulipwa wakae ndani ili gari lionekane limekaribia kujaa, na mama aliyeharakisha kupanda hujikuta akingoja saa nzima huku “abiria” wakishuka mmojammoja.

Kisha ikaja simu. Treni ya Madaraka Express ilipoanza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, watu walipanga foleni ndefu kununua tiketi. Baadaye ikawezekana kubuku kwa *639# na kulipa kwa M-Pesa, kila tiketi ikiwa na jina, nambari ya kitambulisho na kiti. Hata wa daraja la chini alipata kiti chenye nambari, jambo ambalo babu yake hakulipata. Hilo ni badiliko kubwa, na nalipongeza kwa moyo wote.

Njia ya Kisumu nayo ilikuwa imekaa bila treni ya abiria, hadi treni hiyo ilipopita tena Kipkelion Desemba 2021, baada ya reli hiyo ya zamani kukarabatiwa. Wanaopanga huduma hii wana nafasi ya kurekebisha kosa la tangu 1901. Watenge viti kadhaa katika kila behewa kwa ajili ya Molo, Londiani, Kipkelion na Muhoroni, wasiviuze Nairobi hadi siku ya safari, na dirisha la tiketi la stesheni libaki wazi kwa mkulima wa chai au kahawa asiye na simu mkononi.