Chokaa nyeupe katika nyumba za mawe za Waswahili

Chokaa nyeupe ni umaliziaji wa kuta za ndani uliotumika kwa karne nyingi katika nyumba za mawe za miji ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu, Pate, Mombasa, Zanzibar na Kilwa. Katika nyumba hizo weupe wa kuta si pambo tu. Huangaza vyumba visivyo na madirisha ya nje, na huruhusu unyevu uliomo ukutani kutoka. Kwa sababu hiyo kuibadilisha chokaa kwa saruji au rangi ya plastiki kunaweza kuiharibu nyumba, hata kama macho hayaoni tofauti mwanzoni.

## Historia

Mabaki ya lipu ya chokaa yanaonekana katika magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gede. Mwaka 1498 Wareno waliosafiri na Vasco da Gama waliandika kwamba nyumba za Malindi zilikuwa ndefu, zenye madirisha mengi na zilizopakwa chokaa vizuri.

Ufundi huu ulifikia kilele chake katika funguvisiwa la Lamu wakati wa karne ya 18, pale familia tajiri za waungwana zilipojenga nyumba zenye kuta za lipu iliyochongwa. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya cheo. Wakazi wengi wa miji hiyo waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na sehemu ya kazi nzito ya ujenzi ilifanywa na watumwa.

## Utengenezaji

Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe au mawe ya miamba ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalisi. Hatua zake ni hizi:

1. Mawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo, ambalo ndilo tanuu, kisha huchomwa. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi hutoa dioksidi kabonia na kubaki oksidi ya kalisi.
2. Oksidi hiyo humwagiwa maji. Huchemka kwa nguvu, hupasuka na kuwa unga au uji mzito. Hatua hii ni ya hatari kwa macho na ngozi.
3. Uji huachwa ukae kwa muda ili ulainike. Ukichanganywa na mchanga huwa lipu; ukizimuliwa kwa maji huwa chokaa ya kupaka.
4. Ikishapakwa, chokaa hufyonza dioksidi kabonia kutoka hewani na kurudi polepole kuwa kabonati ya kalisi. Ukuta hupata tena ngozi ya jiwe.

Kwa kuwa hatua ya mwisho huenda taratibu, mafundi hulowesha ukuta kwanza na kupaka matabaka membamba, wakisubiri kila moja likauke. Tabaka nene hupasuka.

## Weupe na mpangilio wa nyumba

Nyumba ya kale ya Lamu huupa mtaa mgongo. Upande wa nje kuna kuta nene zenye nafasi chache za kuingiza mwanga, na daka ambako wageni hupokelewa. Mwanga huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa juu, kisha ndani. Upana wa kila chumba hauzidi sana mita 3, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake una kikomo.

Mpangilio huu hulinda faragha ya familia, lakini huviacha vyumba vya nyuma gizani. Kuta nyeupe hurudisha mwanga wa kiwanda kutoka msana hadi msana, hivi kwamba hata ndani hupata nuru hafifu isiyo na joto la jua.

Katika ukuta wa ndani hujengwa zidaka, safu za vishubaka vilivyozungushiwa nakshi za lipu. Humo viliwekwa vyombo vya kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani. Kwa kuwa ukuta wote ni wa rangi moja, nakshi huonekana kwa vivuli vyake, na rangi huachiwa vitu: boriti za kahawia, milango ya mbao iliyochongwa, mikeka ya ukili na viti vya enzi.

## Chokaa na saruji

Mawe ya matumbawe yana vitundu vingi na hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, hivyo unyevu huo hutoka na kukauka hewani. Saruji ni ngumu na hupitisha mvuke kidogo. Ikipigwa juu ya ukuta wa kale, maji hukwama nyuma yake na kupanda juu zaidi. Chumvi huganda na kuusukuma uso wa jiwe, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huweza kuoza. Rangi ya plastiki huleta tatizo hilohilo: huvimba malengelenge na kubanduka. Mara nyingi mwenye nyumba huongeza saruji zaidi kuziba palipobanduka, na uharibifu huendelea.

Wahifadhi hupendekeza kuondoa saruji kwa uangalifu, kuuacha ukuta ukauke, na kupiga tena lipu ya chokaa. Kasoro ya chokaa ni kwamba hufifia, huweza kuchafua nguo na huhitaji kurudiwa mara kwa mara. Saruji hupatikana kwa urahisi, na mafundi wanaoijua kazi ya chokaa wamepungua.

## Mazingira na uhifadhi

Uchomaji wa chokaa hula kuni nyingi, na uchimbaji wa matumbawe hai huharibu mazalia ya samaki, kama ilivyoonekana Mafia na Mikindani. Matumizi ya mawe ya miamba ya nchi kavu hupunguza madhara kwa bahari, ingawa hayaondoi tatizo la kuni.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Mjini Lamu, nyumba moja ya karne ya 18 imehifadhiwa kama makumbusho, na zidaka zake zinaweza kutazamwa na wageni.