Fundi Akilala Mgonjwa, Nani Anamlipa?



Swali moja linarudi kila mara kwenye vikao vyetu. Mwanachama anajitumikia mwenyewe: anashona, anauza makala, anaendesha pikipiki. Analala mgonjwa wiki mbili. Wakati huohuo anapokea msaada wa kujipanga upya, ule wenye wengine wetu tulipewa tuliporudi kutoka Ubelgiji. Je, sanduku letu la wagonjwa limlipe? Wamoja wanasema, "Huyo anakula kwa sahani mbili." Wengine wanajibu kwamba ugonjwa hauulizi kama una msaada. Mbele ya kukata neno, tumeona vizuri kutazama jambo hili lilitoka wapi, kule na huku.

Tuanze na kule. Mutueli za Ubelgiji hazikuanzishwa na leta. Zilianza na wafanyakazi wenyewe katika karne ya 19. Walikuwa wanatia makuta pamoja, na mwenye kuugua alipata cha kula. Leta ilikuja nyuma yao: sheria ya 1851 ilizitambua, na ile ya 1894 ikazipa nafasi kubwa zaidi. Tarehe 28 Desemba 1944, vita ikiwa haijaisha, bima ikawa lazima kwa kila mfanyakazi wa mshahara. Sehemu ilikatwa kwenye mshahara, sehemu alitoa bwana kazi.

Lakini mwenye kujitumikia aliachwa inje. Sababu si ngumu kuelewa. Yeye hana bwana kazi wa kumkatia wala wa kumchangia. Tena, nani atajua kama kweli ameacha kazi? Mwenye duka anaweza kulala chumbani huku bibi yake anauza. Ilibidi angoje. Katika mwaka 1964 alipata bima ya matunzo, lakini ya mambo makubwa tu, sawa vile kulazwa hospitali. Kumwona munganga wa kawaida na kununua dawa hakukuingia katika bima hiyo ya lazima mpaka 2008. Mwaka 1967 sheria ilipanga hali yake yote, namna ya kukotiza na haki zake. Na 1971 njo alianza kulipwa juu ya siku zenye hakufanya kazi. Mhesabu wenyewe: kutoka 1944 mpaka 1971 ni miaka 27.

Hata hapo, malipo hayakufuata faida ya duka. Ni kiasi kilichopangwa, kikiangalia kama mtu ana familia ya kulisha ao anaishi peke yake. Siku za kwanza hazikulipwa. Kwa muda mrefu ulikuwa mwezi muzima, na 2018 ukapunguzwa mpaka wiki mbili. Tangu Julai 2019, mwenye kuugua zaidi ya siku saba analipwa kuanzia siku ya kwanza. Na kama anataka kurudilia kazi kidogo kidogo mbele ya kupona kabisa, anaomba kwanza ruhusa ya munganga wa mutueli.

Na ule msaada mwingine wa leta? Wengi wetu tunaijua CPAS, ile ofisi ya msaada ya komine yenye iliundwa na sheria ya 8 Julai 1976. CPAS inakuja mwisho. Mutueli inalipa kwanza, kiisha CPAS inaangalia kama kuna pungufu na kulijazia. Mutueli ikichelewa, CPAS inaweza kutanguliza feza, halafu inarudishiwa. Lakini feza ya watoto haihesabiwi pale, juu ya ni ya watoto. Njo sheria yote kwa maneno machache: hitaji moja halilipwi mara mbili, na hitaji moja halizuii lingine. Kilichokatazwa ni kuficha.

Sasa tuje kwetu. Wakati wa ukoloni, kisha ile vita kubwa ya pili, kuliundwa masanduku ya ajali za kazi, ya watoto na ya pansheni, kwa watu wa mshahara. Tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja kisha uhuru, yaliunganishwa yakawa INSS. Sheria ya 15 Julai 2016 iliyatengeneza upya, na leo tunasema CNSS. Matawi makubwa yalibakia yaleyale matatu. Ugonjwa wa kawaida hauna tawi lake. Uliachwa kwenye mabega ya bwana kazi: sheria ya kazi ya 2002 inamtaka amtunze mfanyakazi na familia yake, na amlipe mbili ya tatu ya mshahara wakati analala mgonjwa. Na mwenye hana bwana kazi? Hapo ukurasa ni mweupe. Sheria ya 8 Februari 2017 ilizipa mutueli msingi, na mwaka 2023 uzazi wa bure ulianzia Kinshasa. Hayo ni mazuri, lakini yanalipa matunzo. Hayalipi siku yenye meza ya sokoni haikufunguliwa.

Ile nafasi tupu njo tunaijaza sisi, sawa vile wafanyakazi wa Ubelgiji mbele ya 1944. Na akili ya kuijaza tayari tuko nayo. Katika MUSO, kila mama wa Kivu anajua masanduku matatu: la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la taabu na halirudishwi, la bluu ni la feza yenye kutoka inje. Hayachanganywi. Mtu mwenye amepata mkopo wa kijani hakatazwi jekundu akifiwa.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu kwa kikao kijacho. Kwanza, msaada wa kununua mashine ao bidhaa usihesabiwe: huo ni wa kazi, si wa ugonjwa. Pili, mwenye anapata feza ya chakula ao ya matunzo mahali pengine aseme, na sanduku lijaze pungufu tu. Tatu, alipwe kuanzia siku ya kwanza kama ugonjwa umepita siku saba, na wanachama wawili wamtembelee nyumbani. Waende kumsalimia na kuona hali yake, si kumpeleleza.

Kwa ninyi wenye kututegemeza: feza yenu itabakia katika la bluu, na hesabu yake itasomwa mbele ya wote. La jekundu tutalijaza wenyewe, kila mwezi, kwa jasho letu. Mwenye ana maoni aandikie sekretarieti mbele ya kikao, ao akuje aseme.