MTOTO MGONJWA BAINA YA WAZAZI WALIOACHANA: NANI AMUUGUZE, WAPI, NA KWA IDHINI YA NANI?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Miongoni mwa magomvi yanayofika kwa makadhi na maimamu wetu ni hili: mume na mke wameachana, kisha mtoto wao akashikwa na maradhi. Baba anataka atibiwe mji huu, mama anataka atibiwe mji ule. Baba husema, "Mtoto ni wangu, nasaba ni yangu na gharama natoa mimi." Mama naye husema, "Mimi ndiye niliyembeba, na mimi ndiye ninayekesha naye." Kila mmoja ana jamaa wa kumtia nguvu, na pengine ana sheikh wa kumsomea ile nusu ya hukumu inayompendeza. Wakati huo wote, homa ya mtoto haiwasubiri.

Ndugu msomaji, suala hili si geni. Wanazuoni wetu walilitazama zama nyingi kabla ya kuwako hospitali za leo, na waliligawa mafungu: kuuguza ni fungu moja, kuidhinisha tiba ya hatari ni jingine, kugharimia ni la tatu. Hawakumpa mzazi mmoja mafungu yote. Atakayefuata historia ya masuala haya ataona kuwa kila fungu lilikabidhiwa kwa yule anayemfaa mtoto zaidi katika fungu hilo.

MSINGI KATIKA ZAMA ZA MTUME (S.A.W.) NA MASAHABA

Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Baqara aya ya 233, imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Katika aya hiyohiyo, wazazi wanapotaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda kutimia, wametakiwa waridhiane na washauriane. Tuzingatie hapa: kumwachisha mtoto ziwa ni jambo la afya na mwili wake. Ikiwa jambo hilo dogo halikuachiwa mzazi mmoja, vipi kuhusu jambo kubwa zaidi? Na Suratut-Talaq, aya ya 6, inawaamrisha walioachana washauriane kwa wema.

Katika Sunna, Abu Dawud amepokea kwa Abdullah bin Amr (r.a.) habari za mwanamke aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe amemwacha na anataka kumpokonya mtoto. Mtume (s.a.w.) akahukumu kuwa mama ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa.

Mwaka wa 7 Hijria, baada ya Umra ya Kadha, Ali, Ja'far na Zayd (r.a.) walimgombania binti wa Hamza (r.a.), na kila mmoja alikuwa na hoja yake. Mtume (s.a.w.) alimkabidhi kwa Ja'far kwa sababu mkewe, Asma bint Umays, alikuwa mama mdogo wa mtoto, naye mama mdogo yu mahali pa mama. Kisha akamwambia kila mmoja wa wale watatu neno la kumtuliza moyo. Imam na kadhi wachukue somo hapa: aliyeshindwa hakuondoka amedhalilika.

Hukumu maarufu zaidi ni ile ya zama za Abubakar (r.a.), aliyeshika ukhalifa mwaka 11 hadi 13 Hijria. Imam Malik ameipokea katika Muwatta. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa ameachana na mkewe wa Kiansari, mama wa mwanawe Asim. Siku moja alifika Quba akamkuta Asim anacheza penye uwanja wa msikiti. Akamkamata mkono, akampandisha mbele yake juu ya mnyama. Bibi wa mtoto, upande wa mama, akamwahi na kumshika. Wakafika mbele ya Abubakar (r.a.), kila mmoja anasema mtoto ni wake. Khalifa akamtaka Umar amwachie bibi yule. Umar hakujibu neno. Ikiwa mtu mwenye cheo cha Umar (r.a.) alisikiliza na kutii, sisi ni nani tukatae?

IMAM NAWAWI NA NYUMBA MBILI

Karne sita baadaye, Imam Muhyiddin an-Nawawi (631–676 H / 1233–1277) aliandika Minhaj at-Talibin, muhtasari wa fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi'i. Kitabu hiki, pamoja na sherehe zake, ndicho kilichokuwa tegemeo la makadhi na wanazuoni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa vizazi vingi.

Katika mlango wa hadhana, yaani malezi, Imam Nawawi anaeleza hali ya mtoto aliyefikia utambuzi, kwa kawaida kwenye miaka saba, akapewa hiari na kuchagua kukaa kwa baba. Kisha anauliza kwa hakika suala letu: akiugua je? Jawabu lake ni kuwa mama ndiye aliye bora kumuuguza, awe mtoto wa kiume au wa kike. Baba akiridhia auguzwe nyumbani kwake, mama ataingia humo amuuguze. Baba asiporidhia, mtoto atahamishiwa nyumbani kwa mama.

Tusome kwa makini. Mtoto huyu alikwisha kuwa kwa baba, na kwa hiari yake mwenyewe. Lakini maradhi yalipoingia, haki ya kuuguza ilirudi kwa mama. Washereheshaji wametoa sababu: mama anajua zaidi namna ya kumhudumia, na ana subira zaidi juu yake. Wakaongeza sharti kwamba wawili hao wajihadhari na faragha, kwa kuwa sasa wao ni watu baki. Basi baba alipewa kuchagua nyumba, lakini hakupewa kumzuia mama asiwe kitandani pa mwanawe.

IDHINI YA KISU

Wako wanaosoma mlango huo wakadhani umemaliza kila kitu, wakamwambia mama kuwa baba hana neno. Hiyo nayo ni nusu ya kitabu. Katika Minhaj hiyohiyo, mbali kabisa na mlango wa hadhana, kuna masuala ya kukata uvimbe katika mwili wa mtoto. Hapo idhini ya upasuaji wenye hatari imepewa baba na babu mzaa baba, kwa sharti kuwa hatari ya kuuacha uvimbe ni kubwa kuliko hatari ya kuukata. Mtawala, na kadhi kwa niaba yake, hana ruhusa ya kuamrisha upasuaji wa hatari. Ama tiba isiyo na hatari, kama kuumika na kutoa damu kwa zama hizo, baba anaweza kuiidhinisha na mtawala pia.

Sharti hilo ni kubwa. Baba hakupewa idhini ili aonyeshe ubaba wake. Alipewa kazi ya kupima hatari mbili na kuchagua iliyo nyepesi kwa mtoto. Na kipimo hicho hakijulikani ila kwa kauli ya mjuzi. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, an-Nasai na Ibn Majah inamtia dhamana anayetibu watu bila ya kujulikana kwa utabibu. Imam Nawawi mwenyewe, kama alivyosimulia mwanafunzi wake Ibn al-Attar, aliwahi kununua Qanun ya Ibn Sina ili asome utabibu, akahisi moyo wake umeingia giza, akaiuza. Hakujifanya tabibu. Basi mjomba au shangazi asiyejua maradhi asiamue hospitali kwa sababu tu ana sauti kubwa katika ukoo.

GHARAMA NI ZA NANI?

Hapa pana kosa linalokaririwa. Katika vitabu vya zamani vya madhehebu yetu, ujira wa tabibu na bei ya dawa havikuhesabiwa katika matumizi ya lazima ya mume kwa mkewe. Baadhi ya watu wameichukua hukumu hiyo wakaibandika kwa mtoto. Sivyo. Matumizi ya jamaa wa karibu ni kwa kadiri ya haja, na al-Khatib ash-Shirbini (aliyefariki mwaka 977 H / 1570), katika Mughni al-Muhtaj, sherehe yake ya Minhaj, ametaja wazi ujira wa tabibu na bei ya dawa miongoni mwake. Basi baba mwenye uwezo ni wajibu wake kugharimia tiba ya mwanawe asiye na mali, hata kama mtoto analala kwa mama. Wala hana haki ya kusema, "Akitibiwa nisikotaka, sitoi kitu," ikiwa huko ndiko haja ya mtoto inakotimizwa.

NYUMBA YA TATU

Minhaj inataja nyumba mbili: ya baba na ya mama. Leo kuna nyumba ya tatu, nayo ni hospitali. Si kwamba Waislamu wa zama hizo hawakuijua. Damascus, mji aliosomea Imam Nawawi, ulikuwa na Bimaristani ya Nuruddin tangu mwaka 1154, na Cairo ikapata ya Sultan Qalawun mwaka 1284, yenye sehemu za wanaume na za wanawake. Lakini hukumu ya mtoto wa watalaka ilijengwa juu ya nyumba, na sisi tunapaswa kuikadiria kwa wodi.

Kwa makadirio hayo, hospitali si ya baba wala ya mama, kwa hiyo hoja ya "kwangu" na "kwako" imeanguka. Khofu ya faragha nayo imepungua, kwani wodini pana wauguzi na watu wengine. Kilichobaki ni maswali matatu: ni wapi pana tabibu wa maradhi haya? Safari ina salama? Na mama atafikaje kitandani?

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka mitano anaishi na mama yake Wete, Pemba. Ameonekana ana tundu katika moyo. Baba yuko Dar es Salaam, anataka atibiwe huko. Mama anakhofu kuwa mtoto akivuka bahari hatarudishwa. Katika Minhaj, mzazi anayesafiri kwa haja yake humwacha mtoto kwa aliyebaki. Lakini safari hii ni haja ya mtoto mwenyewe, haikuingia hapo. Madaktari wakisema upasuaji unahitajika na haupatikani karibu, baba ana haki ya kuidhinisha na ni juu yake kulipa. Mama ana haki ya kufuatana na mwanawe na kumuuguza, na khofu yake iondolewe kwa maandishi mbele ya kadhi au mashahidi kwamba mtoto atarudi akipona. Na kama tiba hiyohiyo inapatikana karibu na mama, baba hana sababu ya kumng'oa mtoto kitandani pake.

Je, baba akikataa tiba kwa inadi? Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha saba, Jeddah, Mei 1992, lilipitisha kuwa kauli ya walii haizingatiwi pale inapomdhuru kwa uwazi aliye chini yake. Haki hiyo huhamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mwenye mamlaka. Na pale maisha yanapokuwa hatarini, tiba haingojei idhini. Sheria za nchi zetu nazo, ile ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009, ya Zanzibar ya 2011 na ya Kenya ya 2022, zimetanguliza maslahi ya mtoto. Mama aliyezuiwa ana pa kwenda, na imam asimwogopeshe kwenda huko.

HITIMISHO

Tukusanye tuliyoyapitia:

1. Kumuuguza mtoto ni haki ya mama, hata kama mtoto anaishi kwa baba.
2. Idhini ya tiba yenye hatari ni ya baba, kisha babu mzaa baba, kwa sharti la kupima hatari kwa kauli ya wajuzi.
3. Gharama ni za baba mwenye uwezo, popote mtoto anapolala.
4. Mzazi anayeitumia haki yake kumdhuru mtoto, haki hiyo humtoka.

Enyi maimamu na wanafunzi wa elimu, msimjibu mzazi kwa ukurasa mmoja. Akija baba, msomeeni mlango wa hadhana. Akija mama, mwelezeni masuala ya kukata uvimbe. Kila mmoja asikie haki ya mwenzake kabla ya yake. Kisha waulizeni wote wawili: tabibu amesema nini, na mtoto anapelekwa lini?

Tunamwomba Allah (s.w.t.) awaponye watoto wetu wagonjwa, na azilainishe nyoyo za wazazi wao. Wallahu a'lam.