Nani Aseme Hapana: Ununuzi wa Umma Tarime na Serengeti

Ununuzi wa umma umekatwa vipande: anayepanga si anayenunua, anayenunua si anayepokea. Tarime na Serengeti, kama kwingineko nchini Tanzania, wengi huuona mgawanyo huo kuwa urasimu wa makao makuu. Naona faida yake iko kwingine: kila hatua humpa mtu mwingine nafasi ya kusema hapana. Halmashauri za wilaya zilipovunjwa mwaka 1972, nafasi hizo zilipungua, maana maamuzi yaliangukia kwa watendaji wa mkoa na wilaya. Sheria za 1982 zilizirudisha halmashauri, lakini ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2001, na hasa iliyofuata ya 2004, iliyosisitiza kwamba afisa masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha ununuzi na kamati ya tathmini kila mmoja afanye kazi yake bila kuingiliwa.

Hapana iliyotolewa mapema ndiyo nafuu. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza Hifadhi ya Serengeti, katika kesi iliyofunguliwa 2010 na shirika la kutetea wanyama la Nairobi. Mfanyabiashara wa mji wa Mugumu, wilayani Serengeti, aliyekuwa akiingoja lami ana haki ya kunung'unika, ila mradi ulizuiwa ungali kwenye mipango, na si baada ya mkandarasi kulipwa. Kwa upande wa Tarime, marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yaliutaka mgodi, kama ule wa North Mara ulioko Nyamongo, kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wake wa kuihudumia jamii, nayo halmashauri ikapata nafasi ya kusema hapana mapema. Hapo awali kampuni ilikuwa na uhuru mkubwa zaidi wa kujichagulia cha kujenga.

Hatua inayodharauliwa zaidi ni mapokezi. Madarasa na zahanati nyingi sasa hujengwa kwa fosi akaunti: mafundi wa hapo hapo, kijiji na shule wakisimamia kupitia kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Likishapigiliwa juu ya paa, mpita njia haoni tofauti. Anayeijua ni yule aliyelishika lilipokuwa likishushwa, akalilinganisha na oda kabla ya kusaini. Watu watasema kijijini wote ni ndugu, kamati tatu ni ukoo mmoja uliovaa kofia tatu. Ni kweli mara nyingine, na ucheleweshaji nao upo. Lakini ndugu watatu wenye saini tatu ni wagumu kununulika kuliko mmoja. Wengine wanaitegemea NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi ulioanza 2023. Mfumo huo unaweka wazi tangazo na tuzo ya zabuni. Unene wa bati haujui, isipokuwa mtu wa mapokezi auandike.